HTTPS ya ruta ya MikroTik: anza na saa

Ukifungua ukurasa wa ruta kwa kivinjari na anwani inaanza na http tupu, paswedi yako inapita bila kufichwa. Aliye kwenye mtandao huohuo, iwe ofisini Posta au nyumba ya wageni Sinza, anaweza kuinasa. Kuwasha HTTPS, yaani http inayoficha mawasiliano, ni amri chache. Kinachowakwamisha mafundi wengi ni saa.

Ruta nyingi za MikroTik hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, tarehe inaweza kuanza upya 1970. Ukitengeneza cheti (faili ambayo ruta hujitambulisha nayo kwa kivinjari) cha siku 365 wakati huo, kinazaliwa kikiwa kimekwisha muda tangu 1971, na Chrome inakuandikia NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Wengi hapo huhangaika na kivinjari, ambacho hakina kosa lolote. Kwa RouterOS 7 (mfumo endeshi wa ruta hizi), kabla ya kugusa cheti, andika kwenye terminal ya ruta amri za kuweka saa za eneo na kuwasha NTP, huduma ya kuchukua saa mtandaoni:

/system clock set time-zone-name=Africa/Dar_es_Salaam
/system ntp client set enabled=yes servers=pool.ntp.org

Hakikisha kwa /system clock print. Kama DNS ya ruta (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) haijawekwa, jina la seva halitapatikana na saa haitajirekebisha.

Sasa andika /ip service print. Herufi X mbele ya mstari maana yake huduma imezimwa. www ndiyo http, poti 80; www-ssl ndiyo HTTPS, poti 443. Angalia sana safu ya cheti: ikiwa none, kivinjari kitagoma kwa ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH hata kama poti iko wazi. Tengeneza vyeti viwili: ca, cheti mama kinachosaini, na web, cha ruta yenyewe (192.168.88.1 hapa ni anwani ya ruta):

/certificate add name=ca common-name=ca key-usage=key-cert-sign,crl-sign
/certificate sign ca
/certificate add name=web common-name=192.168.88.1 subject-alt-name=IP:192.168.88.1
/certificate sign web ca=ca

Usiruke subject-alt-name. Tangu 2017 Chrome haisomi common-name, kwa hiyo bila kipengele hicho onyo halitaondoka hata ukiingiza cheti cha ca kwenye kompyuta yako, jambo ambalo ni lazima ulifanye.

/ip service set www-ssl certificate=web tls-version=only-1.2 address=192.168.88.0/24 disabled=no

Fungua https://192.168.88.1 na uingie kabisa. Ikikubali, ndipo uzime www. Ukianza kuzima www halafu cheti kikagoma, umejifungia nje, labda uwe umeacha Winbox, programu ya MikroTik ya kusimamia ruta, wazi pembeni.

TLS ndiyo itifaki inayoficha mawasiliano ya HTTPS; matoleo yake 1.0 ya 1999 na 1.1 ya 2006 yaliachwa rasmi Machi 2021. Kuona kama ruta bado inayakubali, tumia programu ya OpenSSL kwenye kompyuta yako:

openssl s_client -connect 192.168.88.1:443 -tls1_1 -cipher 'DEFAULT@SECLEVEL=0'

Hapo kwenye SECLEVEL (kiwango cha ulinzi cha OpenSSL) pana mtego. OpenSSL 3 yenyewe hukataa TLS 1.1 kwa mipangilio yake ya kawaida, kwa hiyo bila hiyo sehemu ya mwisho unaona mawasiliano yamekatika na kudhani ruta iko salama, kumbe aliyekataa ni kompyuta yako. Rudia jaribio kwa -tls1, kisha -tls1_2; hiyo ya mwisho pekee ndiyo inatakiwa kupita.

Kisha chomoa ruta kwenye soketi, subiri dakika moja, irudishe, na usome tena /system clock print kuona kama saa imejirekebisha.