Nyanya mbili juu ya ubao

Juzi nilikata nyanya mbili kwa kisu kimoja. Ya kwanza, iliyotoka mbali, ilikuwa nyekundu pande zote, ngumu, na ndani ina moyo mweupe. Ya pili, ya jirani anayelima, ilikuwa na mabega ya kijani karibu na kikonyo na kovu la ufa. Kisu kilipoingia tu, maji yakachuruzika hadi ukingoni mwa ubao.

Ile ya kwanza si kwamba ilikosa bahati. Nyanya ya safari ndefu huchumwa ikiwa kijani, maana iliyoiva haistahimili kubanwa kwenye makreti. Baadaye huvundikwa kwa gesi ya ethilini, ileile ambayo tunda huitoa lenyewe likiiva. Rangi inakuja, lakini sukari ambayo ingeshuka kutoka kwenye mmea ndiyo basi tena. Ikikaa siku kadhaa kwenye baridi kali, na harufu inapotea. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti ulionistua: wazalishaji wa mbegu walipochagua nyanya zinazoiva rangi moja, bila kujua walichagua jeni lisilofanya kazi, lile linalotia bega la kijani na kusaidia tunda kutengeneza sukari, na sukari ikapungua. Nami miaka yote nalikwepa lile bega la kijani sokoni!

Kuna wanaohesabu kilomita ambazo chakula kimesafiri, wakihofia kuchafua hewa. Mimi nimeacha. Kwa vyakula vingi, usafiri ni sehemu ndogo ya hewa chafu inayotokana navyo. Kilo ya nyama ya ng'ombe wa jirani huichafua hewa zaidi kuliko kilo ya maharage yaliyokuja kwa meli. (Kinachosafirishwa kwa ndege ni habari nyingine.)

Ninachokithamini ni kwamba muuzaji wa karibu nitaonana naye kesho, na yeye anajua hivyo. Siku moja niliinama kuchagua, yule mama akanizuia mkono: "Hizo acha, zimepigwa na mvua, hazifiki jioni." Mauzo aliyakosa kwa mdomo wake mwenyewe. Kuna kampuni ya mbali iliwahi kuniuzia kifaa kibovu. Nilipiga simu wiki nzima nikiambulia muziki tu.

Ya jirani niliimaliza palepale nimesimama, kwa chumvi kidogo. Ile nyingine nikaitia kwenye mchuzi. Ikishachemka na kitunguu, haisemi imetoka wapi.