Medali za Kidato cha Nne

Juu ya mlango wa bwalo letu palikuwa na msalaba wa mninga uliochongwa ndani ya duara, na kwenye msalaba huo herufi. Kutoka juu kushuka chini: C, S, S, M, L. Kutoka kushoto kwenda kulia: N, D, S, M, D, ile S ya katikati ikitumika pande zote mbili. Hakuna mwanafunzi aliyejua Kilatini, ila tafsiri tulikuwa nazo, tumerithishwa na kaka zetu waliotangulia. Ya kushuka ilikuwa "Chai: Sukari Sifuri, Maji Lita." Ya kukata ilikuwa "Ndugu, Dagaa Si Mboga Daima." Kidato cha kwanza walifundishwa hizo kabla hata hawajaonyeshwa choo kilipo.

Shule yetu ilikuwa mkoani Ruvuma, mbali kidogo na Songea mjini, na ilianzishwa na watawa Wabenediktini. Mimi nilitoka Tunduru, Myao na Mwislamu, mmoja wa wachache tuliokaa benchi la nyuma wakati wa Misa tukisubiri uji. Alama zao nilizizoea haraka, nadhani kwa sababu hazikuwa zangu. Nilizitazama kama mtu anavyotazama picha ukutani kwa jirani. Kilichonishangaza kilikuwa beji ya shati. Ilikuwa na kunguru. Nilikotoka, kunguru ni mwizi wa vifaranga na mla jalala, na sikuelewa watu wa dini wamemtoa wapi mpaka wakamshona kwenye kifua cha mwanafunzi.

Mambo ninayotaka kuyasimulia yalitokea mwaka 1996, mitihani ya taifa ikiwa imekaribia. Anayejua shule za bweni anajua hali ya kipindi kile. Watu wanasomea chooni kwa sababu taa ya chooni haizimwi. Mwenye maswali ya miaka iliyopita anageuka mfalme. Na kila mtu, hata yule anayeongoza darasa, anatafuta kitu cha kujishikiza.

Mwenzetu mmoja, nitamwita tu Mfanyabiashara, alipewa ruhusa kwenda hospitali ya Peramiho kung'oa jino. Alirudi shavu limevimba na mfuko wa sare umejaa medali ndogo za Mtakatifu Benedikto alizozinunua kwenye duka la misheni. Usiku uleule bwenini akaanza maelezo. Medali hizi zinafukuza shetani, alisema, na nani asiyejua kwamba shetani ndiye anayemsahaulisha mtu fomula za hesabu? Upande mmoja, mzee mwenye msalaba na kitabu. Upande wa pili, herufi zilezile za mlangoni pa bwalo, na nyingine nyingi zaidi zimezunguka ukingoni, V R S N S M V, S M Q L I V B. Kwa macho yetu zile za ukingoni ndizo zilizokuwa na nguvu hasa, maana hatukuwa na utani wa kuzifasiri. Bei shilingi mia tatu. Siku ya tatu zilikuwa zimekwisha. Wengine walizitia ndani ya mkebe wa vifaa vya hesabu, wengine walizifunga kiunoni kwa uzi, na mmoja wetu, mtoto wa katekista, aliishona kabisa kwenye pindo la suruali.

Mimi sikununua. Si kwa ushujaa. Nilikuwa na ya kwangu. Bibi yangu alinifungia hirizi siku naondoka nyumbani kuja kidato cha kwanza, kipande cha ngozi nyeusi kilichoshonwa kikashonwa tena, nami niliiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya gazeti.

Habari ilifika karakana. Kwa nini karakana na siyo kwa mkuu wa shule, sijui, lakini kwetu habari nyingi zilipitia kule kwanza. Mkuu wa karakana alikuwa bruda, Mngoni, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyejifunza useremala Peramiho akiwa kijana na kubaki mtawa. Tulimwita Bruda Randa, kisirisiri. Ndiye aliyechonga ule msalaba wa bwalo. Kwenye karakana yake kulikuwa na ubao mkubwa ukutani, na kila kifaa kilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe: hapa patasi ya nusu inchi, hapa msumeno wa mkono, hapa randa ndefu. Kipindi kikiisha hatoki mtu mpaka kila umbo limefunikwa na mwenyewe. Niliwahi kuona darasa zima likikosa chakula cha mchana kwa sababu ya tupa moja. Mlangoni pake, kwa ndani, alikuwa amechonga herufi tano, U.I.O.G.D., nazo hatukuzitungia utani wowote. Tulimwogopa.

Jumamosi mchana, wakati wa kazi za mikono, kidato cha nne chote tukaitwa karakana tuje na medali zetu. Tulijua kinachofuata: viboko, barua kwa wazazi, labda kufukuzwa. Bruda alikuwa amefuta vumbi meza yake ya kazi. Akasema kila mtu aweke yake pale. Zikaanza kulia juu ya mbao, moja, moja. Yule mwenye suruali iliyoshonwa akaomba wembe.

Bruda akazihesabu, akaandika idadi kwa penseli kwenye kipande cha mbao, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mmenunua shilingi ngapi?"

Kimya. Akarudia. Mtu akajibu mia tatu.

Sijawahi kumwona mtawa akikasirika vile. Mambo ya shetani na fomula hakuyagusa. Alimgeukia Mfanyabiashara akamuuliza kama dukani Peramiho aliuziwa kwa bei hiyo. Hapana, Bruda. Aliuziwa ngapi? Hamsini, Bruda. Akamwambia asogee mlangoni na asome kwa sauti zile herufi tano. Mwenzetu akasoma kama mtoto wa chekechea: U, I, O, G, D.

Ndipo tukaelezwa. Ni ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana "ili katika mambo yote Mungu atukuzwe," na Wabenediktini duniani kote huyaandika kwenye milango, vitabu na barua zao. Akatoa kwenye saraka kijitabu kilichochakaa, Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, akafungua sura ya 57. Inahusu mafundi wa monasteri. Inasema kazi zao zikiuzwa, uchoyo usiingie kwenye bei. Ziuzwe nafuu kidogo kuliko wanavyouza watu wa nje, ili katika mambo yote Mungu atukuzwe. Sura ikaishia hapo.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Maneno waliyoyachagua kuwa kama muhuri wa shirika lao, wangeweza kuyatoa kwenye sura ya sala, na za sala ziko nyingi, au ya unyenyekevu, ambayo ni ndefu mno. Yako kwenye bei ya bidhaa. Mzee wa karne ya 6 huko Italia, aliyeandika sura 73, alifika kwenye suala la fundi na mteja ndipo akamtaja Mungu kwa namna hiyo. Mtu aliyekulia sokoni Tunduru anaelewa kwa nini.

Hasira zilipotulia, Bruda akakaa kwenye kigoda akachukua medali moja. Alama zilizomo, alisema, zina umri mkubwa, lakini umbo hili lilichorwa mwaka 1880, kwa kumbukumbu ya miaka 1400 tangu Benedikto azaliwe Nursia, nayo inatoka Monte Cassino, monasteri yake. Akatusomea herufi moja moja. Msalaba mtakatifu uwe mwanga wangu. Joka asiwe kiongozi wangu. Chai na dagaa vikafia hapo. Kisha zile za ukingoni: rudi nyuma Shetani, usinishawishi mambo ya bure, unachonimiminia ni kibaya, sumu yako kunywa mwenyewe.

Hapo tukacheka, tukashindwa kujizuia. "Sumu yako kunywa mwenyewe" lilikuwa neno la kwenye kanga, la mke mwenza kumwanikia mwenzake kwenye kamba.

Bruda naye akatabasamu, akaendelea na habari ya sumu yenyewe. Benedikto alipokuwa kijana watawa fulani walimwomba awe mkuu wao. Akakubali, akawa mkali, wakachoka naye, wakamtilia sumu kwenye divai. Alipoufanyia ishara ya msalaba mtungi ukapasuka. Baadaye padre jirani aliyemwonea wivu alimpelekea mkate wenye sumu, na kunguru aliyezoea kulishwa naye akauchukua kwa mdomo akautupa mbali pasipofika mtu. Kumbe ndiye yule wa beji. Naungama kwamba kilichotukaa zaidi si kunguru. Ni kule kusikia kwamba watawa watakatifu waliwahi kupanga kumuua mkuu wao kwa sababu ya ukali. Jina la mkuu wetu wa shule lilitajwa kwa mnong'ono nyuma, na mtu akakohoa kuficha kicheko.

Kicheko kilikoma chenyewe. Bruda alikuwa ameanza kusema juu ya babu yake.

Babu huyo alikunywa maji mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Maji yaliyoanzia Ngarambe kwa mganga Kinjikitile, yakatembea kusini mpaka Ungoni, yakisemwa kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Alirudi hai, wenzake wengi hawakurudi. Na mwezi wa Agosti mwaka huohuo, kwenye njia ya kutoka Kilwa kuja Peramiho, katika nchi ya Liwale, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Ni huyo Spiss aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Mwezi uliofuata misheni ikachomwa moto. Februari 27, 1906, Wajerumani wakawanyonga Songea wakuu wa Kingoni na watu wao, zaidi ya 60 kwa siku moja. Sisi wenyewe tulikuwa tunapelekwa kila mwaka kwenye makumbusho yao.

"Babu yangu alikunywa dawa," alisema Bruda. "Askofu alivaa msalaba. Risasi ilipita kwa wale, na hawa nao wakafa. Sasa ninyi mnataka medali ya shilingi hamsini ifanye kazi ambayo msalaba wa askofu haukuifanya?"

Yule mtoto wa katekista, wembe bado mkononi, akauliza kama ni hivyo basi medali ni ya nini. Lilikuwa swali la haki kabisa. Bruda akajibu kwamba ni sala iliyoandikwa kwenye chuma ili mwenye kusahau akumbuke kuisali. Hakuongeza neno. Mimi nilitaka aongeze, na mpaka leo naona jibu lile lilikuwa fupi kuliko swali. Labda kwake, mtu anayechora umbo la kila patasi ukutani ili ajue ipi haijarudi, jibu lilikuwa limetosha.

Halafu akanitazama mimi. "Wewe wa Tunduru, ya kwako iko wapi?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Wenzangu wakageuka wote. Nikasema iko bwenini, Bruda, ni ya bibi. Akanituma nikailete. Nilikimbia kwenda na kurudi, nikaiweka mezani kando ya medali, na nilikuwa najiandaa kuona inakatwa kwa ule wembe. Aliishika, akaigeuza, akatazama mshono kwa muda mrefu kuliko alivyotazama medali yoyote.

"Nani ameshona?"

"Bibi mwenyewe."

"Ana mkono mzuri. Rudisha sandukuni. Hii si ya kuuza."

Padre mlezi, aliyekuwa amesimama dirishani muda wote, hakufurahia hata kidogo. Nilisikia baadaye kwamba waliongea kwa sauti kubwa jioni ile. Sina uhakika nani kati yao alikuwa na haki kwa mujibu wa Kanisa lao, na haikuwa kazi yangu kuamua.

Kuhusu fedha, Mfanyabiashara aliamriwa arudishe shilingi mia mbili na hamsini kwa kila mnunuzi, nao wachukue medali zao kwa bei ya dukani. Lakini sehemu kubwa ya fedha ilikwishakuliwa, maandazi na soda, na waliokula naye walikuwa baadhi ya wadai wenyewe. Kwa hiyo akapewa kazi ya kupiga msasa madawati mapya ya kidato cha kwanza, na karakana ikalipa wadai kwa niaba yake. Ilimchukua hadi siku za mitihani. Alikuwa akisoma historia kwa kuegemeza daftari kwenye dawati huku mkono mwingine ukisugua. Alifaulu vizuri kuliko wengi tuliokesha chooni.

Nilipofika nyumbani baada ya mitihani nilimsimulia bibi yote. Ya Monte Cassino hayakumgusa. Ya kunguru alisema hayaamini. Alichotaka kurudiwa ni pale Bruda alipousifu mshono, na nilirudia. Kisha akauliza fundi huyo analipwa mshahara kiasi gani. Nikamwambia halipwi, hana mke, hana shamba, anakula anachokula wenzake. Bibi akanitazama kwa huruma, kama mtoto aliyedanganywa na watu wazima. Fundi wa mninga, miaka yote hiyo, bure?

Lakini ile habari ya kuuza nafuu kidogo kuliko watu wa nje alikuwa ameishika vizuri. Kabla sijaondoka Januari alinipa kamba yenye mafundo mawili, upana na urefu, nikamuulizie kitanda.