Siku moja na kidato cha nne: mwanga unaopita kwenye vumbi la nyota

Saa 12:30 asubuhi. Napanda daladala Kiboriloni, mkobani nina prizimu, vipimajoto vitatu na karatasi nyeupe. Mjini jua limetoka, ila Mlima Kilimanjaro umejifunika mawingu, kama kawaida ya mwezi wa nane.

Saa 2:40. Kipindi cha fizikia. Tunategesha prizimu kwenye dirisha la mashariki, rangi zinatandazika juu ya karatasi. Vipimajoto nimevipaka masizi chini ili vinywe joto vizuri. Kimoja tunakiweka kwenye buluu, cha pili kwenye nyekundu, cha tatu nje ya nyekundu, pasipo rangi yoyote. Baada ya dakika chache cha tatu ndicho kimepanda zaidi. Darasa zima limesimama. Hivi ndivyo William Herschel alivyoigundua infraredi, mwanga usioonekana ulio nje ya nyekundu, kule Uingereza mwaka 1800. Napenda sana jaribio hili, kwa sababu mwanafunzi haambiwi aamini. Anasoma kipimajoto mwenyewe.

Saa 4:30. Chai, maandazi, na rundo la madaftari ya kusahihisha.

Saa 9:15 alasiri. Klabu ya sayansi. Nimepakua picha mbili za Nguzo za Uumbaji, sehemu ya Nebula ya Tai, wingu la gesi na vumbi angani, iliyo umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka). Ya kwanza ilipigwa na darubini ya angani ya Hubble mwaka 1995 kwa mwanga wa kawaida: nguzo nzito za vumbi, huoni ndani. Ya pili ni ya darubini ya Webb, mwaka 2022, kwa infraredi iliyo karibu na nyekundu. Nguzo zimekuwa kama utando mwepesi, na nyota zimejaa kila upande, zikiwemo changa nyekundu ambazo bado zinajiunda.

Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo tungekuwa na kamera ya infraredi, leo tungeuona mlima?"

Swali hilo lilikula kipindi chote, na lilistahili. Watu wengi hudhani infraredi inapenya kila kitu. Haipenyi. Nikawaambia wafikirie Bwawa la Nyumba ya Mungu: wimbi refu likikutana na unyasi mmoja linapita kana kwamba haupo, lakini likikutana na mtumbwi linavunjika. Chembe za vumbi la angani, za kaboni na za madini kama ya mawe, nyingi hazifiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja kwa elfu ya milimita. Mwanga tunaouona una mawimbi ya mikroni 0.4 hadi 0.7, karibu sawa na chembe zenyewe, kwa hiyo unatawanywa na kumezwa. Infraredi ya mikroni 2 na kuendelea inazipita kwa urahisi zaidi. Matone ya wingu la Kilimanjaro, kwa upande wake, hufika mikroni 10 hadi 20. Hapo hata infraredi inakutana na mtumbwi.

"Basi mlima tusubiri upepo," akasema. Ndiyo, tusubiri upepo.

Kijana mwingine akauliza faida ya yote haya ni nini. Nikawapeleka katikati ya galaksi yetu, miaka ya nuru kama 26,000 kutoka hapa. Vumbi la njiani ni zito kiasi kwamba katika mwanga wa kawaida kinachotufikia ni kama sehemu moja kwa trilioni. Kwenye mikroni 2 ni karibu moja kwa kumi. Ndiyo maana vikundi vya wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez viliweza kufuatilia nyota za kule kwa miaka mingi. Moja, S2, huzunguka kwa miaka 16 hivi, umri wa wengi waliokuwa mbele yangu. Mwendo wake ulionyesha kitu kizito mara milioni nne kuliko Jua, kisichoonekana: shimo jeusi. Tuzo ya Nobel ikawafikia mwaka 2020.

Saa 3 usiku. Natunga jaribio la Ijumaa. Swali la kukariri fasili ya infraredi nimelifuta. Badala yake nimeandika: "Chembe ina upana wa mikroni 0.2. Mwanga wa mikroni 0.5 na infraredi ya mikroni 2 vinaelekea kwenye wingu la chembe kama hizo. Kipi kitapungua zaidi, na kwa nini?" Alama nane.