Siku ya tatu kivulini

Leo ni siku ya tatu tangu niitoe ngozi ya mbuzi katika maji ya maganda ya miti, nikaisuuza, nikaikamua, kisha nikaiwamba kwenye fremu ya mbao. Imekaa kivulini penye upepo mpole, nami tangu asubuhi nimekuwa nikiipapasa mara kwa mara, kama mzazi anayepima homa ya mtoto kwa kiganja.

Ngozi yangu ya kwanza niliianika juani. Nilidhani kwamba maadamu ilikuwa imekwisha kusindikwa, kilichobaki kilikuwa kuondoa maji tu, na jioni nikaanua kitu kigumu kama ubao, kingo zimejikunja na uso umepiga weusi, ukapasuka nilipojaribu kuukunja. Iliniuma sana, kwa sababu mnyama yule alikuwa na ngozi nzuri. Baadaye nilielewa kuwa nyuzinyuzi zilizolowa hugandamana zinapokauka bila kunyooshwa, na kwamba maji yanayokimbilia juu kwa kasi hubeba tanini, ile dawa ya maganda ya miti inayoisindika ngozi, ambayo haijashikamana nazo, ikajikusanya usoni na kuufanya mweusi na mwepesi kuvunjika. Joto nalo ni hatari ya peke yake: ngozi mbichi iliyolowa hunywea ghafla ikifika takriban nyuzijoto 60 za sentigredi, na ingawa kusindika huiongezea ustahimilivu, sioni sababu ya kuujaribu.

Safari hii niliipaka mafuta ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa maji yanapoondoka polepole mafuta hupata nafasi ya kupenya na kuzitenganisha nyuzinyuzi. Ngozi iliyokwisha kukauka kabisa huyapokea kwa mabaka.

Kazi ngumu zaidi ni kuutambua wakati wa kuilainisha. Naikunja sehemu ndogo, upande wa nyama ukiwa nje, naibana kwa vidole, kisha naiachia: mkunjo ukibaki na mstari mweupe, saa imefika ya kuilegeza kamba na kuivuta huku na huku juu ya ukingo butu wa mbao mpaka ilegee. Kabla ya hapo naivuta bure, kwani itakakamaa tena. Nikichelewa, sina budi kuilowesha upya. Tatizo ni kwamba ngozi haikauki yote kwa pamoja. Tumbo na mapaja, palipo pembamba, hutangulia, ilhali shingo na mstari wa mgongo hushikilia maji.

Alasiri ya leo mstari mweupe umeonekana tumboni. Nimepavuta hapo hadi mikono ikachoka, na pameanza kuwa laini kama kitambaa kizito. Shingo, nilipoigusisha shavuni, ilikuwa bado na ubaridi wa maji, kwa hiyo nimezifunika kingo kwa kitambaa chenye unyevu ili zisiitangulie mno usiku huu, na alfajiri nitaigusisha shavuni tena.