Rili ya beringi kumi na tatu

Juzi jioni jirani yangu kaja na simu mkononi anionyeshe rili, kile kidude cha kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia, aliyoiona mtandaoni, ya rangi ya dhahabu inang'aa kama meno ya tajiri, pembeni imeandikwa beringi 13+1, bei elfu 45 na kutumwa bure mpaka Kigoma. Ananiuliza, "kaka, nilipie?" Nikacheka mpaka akaanza kukasirika, ikabidi nimwambie nilikuwa najicheka mwenyewe, maana ndugu yake hiyo rili nilishawahi kuwa naye na tuliachana vibaya.

Nianze kwa kusema mi sio mvuvi jamani. Mi ni fundi redio na simu hapa Mwanga, mjini Kigoma, wavuvi wenyewe wapo Kibirizi na Katonga kule, wanaingia Ziwa Tanganyika usiku na taa zao kufata dagaa na migebuka, wanajua vitu ambavyo mi sitokaa nivijue. Mi ni mtu wa Jumapili asubuhi na fimbo moja, natafuta kuhe kwenye mawe, nikipata nakula na ugali wa muhogo, nikikosa nanunua mwaloni narudi nyumbani nimenyamaza. Kwahiyo haya ni ya mtu wa kawaida kwa mtu wa kawaida, mwenye hela za kawaida.

Sasa hiyo rili yangu. Niliinunua kwa sababu ya beringi, na hapo ndo aibu yenyewe ilipo, mtu anayeshinda anafungua vitu vya watu kutwa nzima kadanganyika na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Wiki tatu za mwanzo nikawa mfalme. Wiki ya nne nipo kwenye mawe upande wa Katonga, jua bado halijapanda sawasawa, nimerusha samaki wa bandia yule wa fedha, mara paa, fimbo imekunjika. Kuhe. Nilimuona ubavu wa njano alipogeuka, na kwa wasiomjua kuhe, huyu ni wa ziwa letu hili, wa ukoo mmoja na sato ila ndo mkubwa kuliko wote kwenye ukoo wao, anafika hata karibu mita moja. Akakimbia kuelekea kwenye kina, na hapa kwetu kina hakiko mbali, unasimama kwenye jiwe mbele yako hatua chache tu pameshuka giza. Breki ya rili inatakiwa hapo imuachie uzi kidogo kidogo mpaka achoke. Ya kwangu ilikuwa imeganda. Haikutoa hata sentimita, uzi ukalia kama gita halafu ukakatika, mi nikakaa chini kwenye jiwe kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

Nyumbani nikatandika kitambaa mezani nikachukua bisibisi zile ndogo za simu nikaifungua. Beringi 13? Nilihesabu tatu! Sehemu zingine zote wameweka vipete vya plastiki. Gia ni la chuma laini, meno yameshaanza kulika baada ya mwezi, grisi yake nyeupe imekauka kama gundi ya viatu, na kwenye breki kuna vishikizo vitatu vinavyotakiwa kuwa vya kitambaa kigumu, wao waliweka vitu kama karatasi ya boksi, vimeloana vikashikana. Ndo maana iliganda.

Toka siku hiyo idadi ya beringi siiangalii kabisa. Rili yenye beringi nne au tano za kweli zilizokaa sehemu zinazostahili inaishinda hiyo ya 13 asubuhi na jioni. Ukiwa dukani we ishike mkononi, zungusha mkono wake taratibu ukisikiliza kwa vidole, kama kuna kamchanga kanagugunwa ndani iache. Halafu shika mkono wake uutikise kulia kushoto, kucheza kidogo sio kesi, ila ukicheza kama mlango wa choo cha shule, rudisha. Kubwa kuliko yote ni breki: legeza kidogo, vuta uzi kwa mkono polepole sana. Utoke laini kwa nguvu ile ile mwanzo mpaka mwisho. Ukiona unakwama halafu unashtuka halafu unakwama tena, hiyo ndo itakayokukatia uzi siku ya samaki wa maana. Muuzaji akikukataza kuvuta basi usinunue hapo.

Majina? Shimano wana zile za bei ya chini kama Sienna na FX, na ndio hao hao wa gia za baiskeli, wameanza na baiskeli Japani toka 1921 kwahiyo gia wanazijua. Daiwa wapo, Penn wapo. Huhitaji ile ya juu kabisa ya kampuni yoyote, chukua ya pili au ya tatu kutoka chini, hapo ndo hela yako inafanya kazi, ukipanda zaidi unalipia wepesi wa gramu 40 na rangi. Ila angalia feki bana, ukiona jina kubwa kwa bei ya soda ujue ni ile ile ya dhahabu kabadilishwa nguo. Saizi, kwa mtu wa kurusha kutoka kwenye mawe au mtumbwi mdogo, rili ya namba 3000 inatosha sana, namba 4000 kama mkono wako unapenda kitu kizito. Na usidanganyike kununua zile za gharama zilizozibwa kila mahali kwa ajili ya maji ya chumvi, hizo waachie watu wa Tanga na Mtwara, ziwa letu halina chumvi ya kula vyuma namna ile. Adui yetu sisi ni mchanga. Rili ukiiweka chini kwenye mchanga pale ufukweni hata dakika moja imekwisha habari yake, mi natembea na mfuko wa nailoni wa kuifunika.

Fimbo ntasema kwa kifupi maana hapa watu wanapoteza hela bure. Kuna za fibaglasi na za kaboni. Fibaglasi nzito kidogo, inapinda kama mwanzi, lakini unaigonga kwenye jiwe unaiangusha kwenye mtumbwi bado ipo, kwa anayeanza na anayepanda bodaboda kwenda kuvua mi ningesema anza nayo. Kaboni ni nyepesi na unasikia hata samaki akionja tu, ila ikigongwa ubavu leo inakuja kuvunjika wiki ijayo bila kukuaga. Na kama fundi umeme umeme hivi ngoja niseme na hili, kaboni inapitisha umeme, kwahiyo msimu wa mvua radi zikianza kunguruma upande wa Kongo kunja vitu vyako uondoke, na usipite nayo imesimama chini ya nyaya. Urefu mita 2.1 mpaka 2.4, ya vipande viwili. Zile za kuchomoa kama antena ya redio zinavutia kwa sababu zinaingia kwenye begi, ila mbili nilizowahi kuwa nazo zote zile pete za kupitishia uzi zililegea.

Kingine, nenda dukani na pamba. Ndio, pamba ya duka la dawa. Ipitishe ndani ya kila pete ya fimbo, pamba ikinasa hata unyuzi mmoja kuna ufa pale ambao jicho halioni, na huo ufa utakuwa unachana uzi wako kila ukirusha na we utalaumu uzi.

Sasa uzi wenyewe, na hapa ndo nataka nikae, maana watu wanaweka laki kwenye rili halafu uzi wanaomba wapewe wowote.

Kuna mzee mmoja Kibirizi huwa anakaa chini ya kivuli akitengeneza vitu vyake, hana rili, ana mshipi ameuzungusha kwenye kibao kilichochongwa pande mbili, kibao chenyewe kimeshakuwa cheusi kwa mikono. Nilipoenda kumhadithia habari ya kuhe wangu, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamuonyesha kipande cha uzi kilichobaki. Hata hakuangalia rili. Alishika uzi katikati ya ukucha wa kidole gumba na kidole cha shahada akauvuta taratibu, mita moja, mbili, akasimama. "Gusa hapa." Nikagusa, kumbe pana kikwaruzo kama punje ya chumvi. Akaendelea, akasimama tena. Kwenye mita nne alinitolea vikwaruzo vitano. "Huu ulishakufa zamani, mwanangu, ulikuwa unasubiri mtu wa kuuzika." Yeye kila asubuhi kabla hajaingia ziwani anapitisha ukucha, akikuta kikwaruzo anakata anatupa hicho kipande, hauonei huruma.

Kwahiyo breki iliganda ndio, ila uzi nao ulikuwa mbovu, na uzi huo niliununua kwenye duka ambalo bunda zimening'inizwa mlangoni zinapigwa na jua miezi na miezi. Jua linaua nailoni. Ukiona bunda limepauka au limekaa barazani usichukue hata ukipunguziwa nusu bei, ulizia la ndani kwenye boksi.

Nailoni ya kawaida, ile ya uzi mmoja, bado ndo bei nzuri kuliko zote. Inavutika, inaweza kuongezeka hata robo ya urefu wake kabla ya kukatika, na huko kuvutika kunakusamehe makosa mengi, samaki akishtuka ghafla uzi unakula ule mshtuko. Ubaya wake inanywa maji ikapungua nguvu kidogo, na ikikaa kwenye spuli, ile sehemu ya rili inayobeba uzi, muda mrefu inajikunja kama chemchemi. We usiangalie kilo za nguvu zilizoandikwa, wa bei rahisi wanaandika wanavyotaka, angalia unene. Milimita 0.30 mpaka 0.35 kwa mawe yetu haya inatosha, na badilisha kila baada ya miezi michache, ni hela ndogo.

Halafu kuna uzi wa kusukwa, vijana wanauita breidi. Mwembamba balaa, wa paundi 20, kama kilo 9 hivi, unene wake ni sawa na nailoni ya kilo 3, kwahiyo unarusha mbali na hauvutiki, samaki akigusa unajua hapo hapo. Jua nalo haliusumbui sana kama nailoni. Ila ukigusana na jiwe umevutwa unakatika kirahisi sana, na sisi tunavua kwenye mawe matupu. Mbele lazima ufunge kipande cha nailoni nene, mita moja na nusu au mbili. Na usiufunge moja kwa moja kwenye spuli tupu, unateleza, unazunguka wote kwa pamoja unabaki unashangaa rili imekufa, tanguliza mizunguko kadhaa ya nailoni chini ndo uje juu yake. Hiyo inakuokolea hela pia maana breidi ni ghali na zile mita za chini kabisa samaki gani wa hapa atazifikia. Jaza spuli mpaka ibaki milimita mbili hivi kufika ukingoni, ukijaza sana inamwagika, ukijaza kidogo hairushi.

Na fundo, kabla hujalikaza liloweshe, mate yanatosha. Nailoni ikikazwa kavu inajichoma kwa msuguano, inakatikia pale pale kwenye fundo halafu unasema samaki alikuwa mkubwa.

2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue, 15 Mei mpaka 15 Agosti, mi nilitumia hiyo miezi kufungua kila kitu, nikaosha gia na mafuta ya taa, nikaweka grisi mpya kidogo tu, nikabadilisha vishikizo vya breki, na ndo niligundua breki unaweza kuipima na chupa ya maji. Lita moja na nusu ya maji ni kilo moja na nusu. Breki inatakiwa iachie kwenye robo hivi ya nguvu ya uzi, kwahiyo uzi wa kilo 6, chupa moja. Unafunga chupa mwisho wa uzi, unainua fimbo, chupa ikipanda tu moja kwa moja umekaza sana, ikiwa inanyanyuka kidogo halafu uzi unatoka taratibu chupa inashuka, hapo hapo acha.

Basi jirani nikamwambia ile elfu 45 aigawe, achukue uzi mzuri na ndoana nzuri kwanza, rili nitamwazima yangu ya zamani niliyoifufua mpaka atakapojaza hela ya kununua ya kueleweka. Jumamosi jioni tukawa barazani kwangu tunapima na chupa, mimi nimesimama kwenye ngazi, yeye anakaza na kulegeza, chupa inapanda inashuka, mwanangu wa mwisho kaenda kuwaita wenzie mtaa mzima waje waone, "baba kavua maji!"

Jumapili tulienda wote. Mi sikupata kitu. Yeye kapata ngege wawili wa kiganja, na kurusha bado hajui vizuri. Sa hivi wakati naandika hapa kaniletea simu tena, safari hii ni tochi ya kichwa, imeandikwa inamulika kilomita kumi, anauliza kaka nilipie?