Maji Maangavu Hunitia Wasiwasi

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu alinichukua usiku mmoja wa giza hadi ufuoni Mlango wa Papa, Mombasa, akaniambia nitie mkono majini na kuuvuta polepole. Cheche za samawati zikavifuata vidole vyangu. Mjomba, ambaye amevua samaki tangu ujana wake, aliniambia tu kwamba bahari iko hai. Miaka mingi baadaye nilifahamu kwamba cheche zile zilitoka kwa planktoni, yaani viumbe wadogo wanaochukuliwa na mikondo ya maji, wengi wao wakiwa hawaonekani kwa macho. Wapo wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mimea, na wapo wanyama wanaowala hao. Wale wa kwanza, ingawa uzito wao wote haufiki hata asilimia 1 ya uzito wa mimea duniani, hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa sayari hii, yaani kazi ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Wageni wanaofika Nyali husifu maji ya samawati yanayoonyesha mchanga wa chini. Mjomba huyapenda zaidi maji yenye ukijani, na nimekuja kuona kwamba ana sababu nzuri. Mara nyingi ukijani huo wa bahari kuu ni klorofili, rangi ya kijani ambayo planktoni hao hunasia mwanga wa jua, nayo ndiyo chakula kinapoanzia; maji maangavu kupita kiasi ni maji yenye njaa.

Anayemwogesha mtoto anajua kwamba maji ya moto yakimiminwa taratibu juu ya maji baridi ndooni, yasipokorogwa hubaki juu. Bahari nayo iko hivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi chafu limeingia baharini, na kadiri tabaka la juu linavyopata joto ndivyo linavyokuwa jepesi na kukataa kuchanganyika na maji baridi ya chini, ambako ndiko viliko virutubisho. Planktoni wanaohitaji jua wako juu, mbolea yao iko chini, na katikati pamewekwa kizuizi ambacho upepo unashindwa kukivunja. Huku kwetu mkorogaji mkuu ni upepo wa kusi, ambaye kila mwaka huyavuta juu maji baridi yenye rutuba katika pwani ya Somalia, na kuifanya sehemu hiyo kuwa miongoni mwa maeneo yenye planktoni wengi zaidi katika Bahari ya Hindi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia vipimo vya setilaiti pamoja na mifano ya kompyuta, ulikadiria kwamba planktoni hao wa magharibi mwa Bahari ya Hindi wamepungua kwa hadi asilimia 20 katika takriban miaka 60. Niliposoma hayo nilihesabu umri wa mjomba, nikaona kwamba upungufu wote huo umetokea ndani ya maisha yake ya uvuvi.

Kinachonisumbua zaidi ya idadi ni ukubwa wao. Maji yakikosa rutuba, diatomu, planktoni wa jua ambao ni wakubwa kuliko wenzao wengi, huwaachia nafasi vijiumbe vidogo mno vinavyoweza kuishi kwa kidogo. Vijiumbe hivyo ni vidogo kiasi kwamba wanyama wengi wanaowala diatomu hawawezi kuvikamata, hivyo ni lazima viliwe kwanza na viumbe wengine wadogo, kisha hao ndio waliwe. Kwa kawaida, kila hatua ya kula na kuliwa hupitisha takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya chakula. Kwa hiyo hatua moja ikiongezeka kati ya jua na jodari, jodari anayeweza kulishwa na bahari ileile hupungua sana, hata kama planktoni wenyewe hawakupungua. Zaidi ya hayo, maji ya juu ya bahari yameongezeka tindikali kwa karibu asilimia 30 tangu enzi ya viwanda ianze, jambo linalowapa taabu wale wanaojenga magamba ya chokaa.

Mabadiliko ya namna hii hayaonekani na mtu anayelinganisha msimu huu na uliopita. Katika Atlantiki ya Kaskazini yalionekana kwa sababu tangu mwaka 1931 meli za mizigo zimekuwa zikivuta nyuma yao chombo kinachochuja maji kwa kitambaa cha hariri, na hariri hiyo huchunguzwa kwa hadubini. Kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba kopepodi, planktoni wanyama wadogo wa jamii ya kamba, wa maji ya vuguvugu walisogea kaskazini kwa takriban nyuzi 10 za latitudo ndani ya miaka ipatayo 40. Kila nitazamapo meli zikiingia bandari ya Kilindini, hutamani zingekuwa zikivuta hariri kama hiyo tangu zama za babu zangu.

Setilaiti zimepima rangi ya bahari bila kukatika tangu mwaka 1997, na watafiti walikadiria mwaka 2010 kwamba inahitajika takriban miaka 40 ya vipimo ili kutenganisha mabadiliko ya tabianchi na mabadiliko ya kawaida ya miaka. Kwa hesabu hiyo tutafika 2037. Nami nimetengeneza sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji, yenye upana wa sentimita 30, kwa mfano wa ile ambayo padri Mwitaliano Angelo Secchi aliijaribu mwaka 1865, nikaifunga kamba yenye mafundo. Tunapotoka na mjomba huiteremsha upande wa kivuli wa chombo hadi itoweke machoni, kisha naandika kina, tarehe na upepo katika daftari. Mwanzoni mjomba alinitazama tu. Siku hizi yeye ndiye anayeishika kamba na kuyahesabu mafundo kwa sauti, nami naandika.