Nilivyomsimulia mjomba filamu ya dude la angani

Mjomba wangu alikuwa mvuvi Tanga mpaka presha ya macho ilipomtoa baharini. Siku hizi hatofautishi mchana na usiku, lakini filamu hajaacha. Yeye anasikiliza, mimi ndiye macho yake. Kwa muda mrefu nilikuwa macho mabovu: nilibwabwaja mwanzo mwisho, akawa anakosa maneno ya waigizaji, na ya kwangu hayaelewi.

Iliyoninyoosha ni Nope ya Jordan Peele, ya mwaka 2022. (Kama hujaiona, hapa nitakumwagia kila kitu.) Kaka na dada, OJ na Emerald, wamerithi ranchi California, wanafuga farasi wa kuigiza kwenye filamu. Baba yao ameuawa na sarafu ya senti 5 iliyodondoka kutoka angani ikamwingia kichwani. Na kuna wingu moja halisogei, ndani yake limejificha dude. Nilipomtaja Daniel Kaluuya, anayeigiza OJ, mjomba alidakia, "Huyo Mganda!" Kazaliwa London, ila wazazi wake ni wa Uganda kweli.

Safari hii nilianza kuitazama peke yangu usiku wa kuamkia siku hiyo, macho nimefumba. Sawa, woga nao ulikuwepo, lakini nilitaka kujua sauti zenyewe zinaeleza nini. Zinaeleza mengi. Dude likikaribia umeme hukatika, na muziki unaopigwa unavutika na kuzama kama kaseti iliyoishiwa betri. Hapo sina haja ya kufungua mdomo. Niliishia katikati, LUKU ikaisha. Giza lile nalikumbuka hadi leo.

Kesho yake tukapatana na mjomba: dude likitokeza, namgonga goti mara moja, likishuka, mara mbili. Maneno nayaweka kwa visivyo na sauti: lile wingu, uso wa OJ, na ile midoli mirefu ya hewa ya rangirangi waliyoipanga bondeni. Umeme ukikatika inanywea, nao wanajua dude liko upande gani.

Dude likapita juu ya ranchi usiku. Nikamgonga goti. Mjomba akainamisha kichwa, akaniuliza:

"Anko, hao wanaopiga kelele wako wapi?"

"Upepo huo, mjomba."

"Upepo haulii hivyo. Hao wamo ndani. Wamemezwa."

Mimi nilikuwa nimeona sahani inaruka, nikaridhika kwamba ni chombo cha wageni kutoka sayari nyingine. Mbele kidogo OJ naye akatambua: si chombo, ni mnyama, na humla anayemtazama. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Basi mimi lingenipita tu!"

Mwishoni ndipo nilipokwama. Dude linajifungua, linakuwa kitu kingine kabisa, nami nikaanza, "Ni kama shuka, kama tanga, kama..." Nikasimamisha filamu. Nikachukua kanga iliyokuwa kwenye kiti, nikaishika katikati, nikaiacha pindo zake zimwangukie viganjani, kisha nikaivuta juu polepole.

"Konyeza," akasema papo hapo. Alishawahi kuchomwa na viumbe hao laini wa baharini mara zisizohesabika.

Baadaye nikasoma kwamba walimshirikisha John Dabiri, mwanasayansi anayechunguza jinsi konyeza wanavyoogelea. Nilipomwambia mjomba hakushtuka hata kidogo, akataka chai.

Ila picha ya mwisho bado tunaibishania. Vumbi limetanda, na ndani yake OJ yuko juu ya farasi. Nikasema hivyohivyo, nikanyamaza, nikajiona nimemaliza kazi.

"Farasi anahema?" mjomba akauliza.

Nikarudisha nyuma.